Safari ya Kwenda Kugeuzwa Kichwa Chini

Mwanamke wa rika langu alikuwa amefungwa kwenye kiti cha chuma, kichwa chini miguu juu, anapiga kelele kwa nguvu zake zote. Nilikuwa nimeketi katika kibanda changu cha vitenge pale soko la Kasongo, mchana hakuna wateja, nikafungua video ambayo binti yangu alinitumia kutoka Kindu ili anichekeshe. Sikujua kwamba sauti ya simu iko juu. Kelele ile ilitoka kama ya mtu wa kweli, na kabla sijapata kuizima, muuza chumvi wa upande wa pili alishafika mbio, na nyuma yake wauza sombe wawili na majani yao ya mihogo mikononi, mmoja wao ameanza kujikaza kitenge kiunoni tayari kwa kwenda kilioni.

"Ni nani amekufa?" akaniuliza muuza chumvi.

"Hakuna mutu amekufa. Ni video."

"Video ya kilio?"

Nikawaonyesha. Tukaitazama wote wanne, vichwa vimegusana. Viti vilikuwa vimepangwa kama mabehewa, vikapanda juu ya reli mpaka kimo ambacho hata mnara wa simu haukifikii, vikasimama kidogo, halafu vikaachiliwa. Vilianguka, vikapinduka, vikajizungusha kama chatu, na watu waliokuwemo wakapiga mayowe. Mwishoni vilisimama, watu wakafunguliwa, na yule mwanamke akashuka nywele zimemtimka, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akarudi kwenye mstari ili apande tena.

Wauza sombe walisema ni uchawi, muuza chumvi akasema ni wazimu, wakarudi kwenye bidhaa zao. Mimi nilibaki nimeshika simu, nimepigwa na butwaa. Si kwa sababu ya mashine. Kilichonishitua ni kwamba hakuna mtu aliyemkimbilia yule mwanamke kumwuliza nani amekufa. Kwetu mwanamke mzima hapigi kelele bure. Sauti yake ikipanda, majirani huacha chungu motoni wakaja, kwa kuwa sauti hiyo ina kazi moja tu, nayo ni kutangaza maiti.

Na mimi hata kwa kazi hiyo sikuitumia. Mume wangu alikwenda Wamaza, upande wa Kabambare, kununua mpunga. Akaugua nyumbani kwa dada yake, akafia huko. Wakati huo Wamaza hakukuwa na mtandao wa simu, habari zilibebwa na watu wa pikipiki, na habari ya ugonjwa na ya kifo nilizipata kwa pumzi moja. Nilipofika kaburi lilikuwa limeshafunikwa. Niliuliza swali moja tu: aliniita? Dada yake, yaani wifi yangu, akanijibu hapana, alikuwa kimya mpaka mwisho. Basi nikarudi Kasongo kukaa eda. Sikupiga kelele, wala sikuomba nionyeshwe kaburi. Mtu ambaye hakukuita, utamlilia kwa lipi? Watu walinisifu kwa subira yangu. Haikuwa subira, ilikuwa hasira, na ilikaa nami miaka yote hiyo kama mpangaji asiyehama.

Tangu hapo nikajizoeza kwenda bila kuitwa na bila kusindikizwa. Kindu nilikwenda peke yangu, Kalemie peke yangu, nikalea watoto, nikawaoza. Kwa hiyo siku ile sokoni nilipojiambia kwamba nitakwenda kwenye bustani hiyo ya michezo, nipande kile kiti, nipige kelele ya bure ambayo haina maiti ndani yake, sikufikiria hata kidogo kwenda na mtu. Nilimpigia simu binti yangu, nikamwuliza mahali pale ni wapi.

"Ni Dubai," akasema. "Kwa nini?"

"Ninaenda."

"Mama, uko muzima?"

"Niko muzima."

"Utaenda na nani?"

"Na mimi."

Alijaribu kunizuia, akashindwa, akajaribu kujialika, akashindwa pia. Mwisho akakubali kuzungumza na watu wa Kindu wanaoshughulikia pasipoti na viza. Pesa ilitoka wapi mtu asiniulize. Nimeuza vitenge tangu nikiwa mwanamwali, na sijawahi kujinunulia hata kiti cha kuegemea.

Nilichokuwa sijakitegemea ni kwamba kucheza nako kuna masharti. Binti yangu alinisomea kwa simu masharti ya bustani ile: asipande mwenye ugonjwa wa moyo, asipande mwenye mimba, asipande mwenye shingo mbovu wala mwenye tansio, yaani shinikizo la damu, na asipande mtu mwenye nguo inayopepea. Mimba niliicheka. Nguo inayopepea ilinikosesha usingizi, maana mimi kichwa wazi hapana. Nikaanza mazoezi. Nilijifunga mtandio kwa kila namna niliyoijua, nikabana kwa pini kidevuni na kisogoni, kisha nikatoka uani na kurukaruka, nikiinama ghafla mpaka kichwa kikaribie magoti, nione kama utachomoka. Mama yangu, ambaye anaishi nami na siku hizi kazi yake ni kukaa kwenye mkeka na kuona kila kitu, aliniuliza kama nimeingiwa na siafu.

Woga nao nilitaka kuupima. Nilikodi pikipiki kwenda Nyangwe, na tulipofika mteremko wa kwanza nikamwambia motari aachie breki. Akapunguza mwendo. Nikamwambia tena. Akasimama kabisa, akazima injini, akanigeukia.

"Mama, mimi niko na watoto," akasema. "Kama wewe umechoka na maisha, shuka, tafuta mwingine."

Tulifika Nyangwe kwa mwendo wa baiskeli.

Kilichobaki ni tansio. Nilikwenda kituo cha afya, muuguzi akanifunga ule mpira mkononi, akapuliza, akasikiliza, akasema iko vizuri. Nikamwuliza kama mtu wa umri wangu anaweza kugeuzwa kichwa chini miguu juu mara kadhaa bila kudhurika. Alivua vile vitu masikioni.

"Nani anataka kukugeuza?"

Nikamweleza kwamba nasafiri kwenda Dubai, ni mambo ya huko. Alitikisa kichwa polepole, akaniambia tansio iko muzuri kweli, lakini kile kingine kilicho kichwani yeye hana kifaa cha kukipima.

Mama yangu nilimwambia mwisho. Nilimletea chai, nikaketi.

"Mama, mwezi ujao nasafiri. Naenda Dubai."

"Kuleta bintu ya kuuza?"

"Hapana. Siendi biashara."

"Unaumwa? Unaenda kujitibisha?"

"Hapana, mama."

"Uko na mutu kule?"

"Sina mutu."

"Utaenda na nani?"

"Peke yangu."

Aliweka kikombe chini. Nilijikaza, nikingoja makelele yake, maana kwa nyumba yetu mwanamke hasafiri nchi za watu peke yake; hata wanaokwenda kununua simu huenda kwa makundi. Makelele hayakuja. Nilipomtazama, machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Mwanangu," akasema. "Umeitwa."

Sikuelewa. Akanishika mikono yote miwili, akaibusu, mama yangu mimi, aliyekuwa hajanibusu tangu nilipoolewa, akaanza kuniombea dua.

Baadaye ndipo nilipoelewa hesabu aliyoipiga. Mjane, mtu mzima, watoto ameshaoza, anakwenda upande wa Waarabu. Si biashara, si matibabu, si kutembelea mtu. Kinachobaki ni nini? Ni Maka. Ni umra. Na kwa kuwa mtu mwenye adabu haitangazi ibada yake, asije akaitwa mwenye kujionyesha, amesema Dubai akaficha palipobaki. Mama yangu aliona fahari kwa jinsi nilivyoficha vizuri.

"Mama, siendi Maka," nikamwambia. "Naenda kucheza. Kuna viti, vinapanda juu..."

"Ee, kucheza," akasema, akafuta machozi na kucheka. "Sema vile vile. Usiharibu ibada yako kwa mudomo."

Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi sikuwa kimya, nilikuwa nakataa kwa sauti, na mshindo ukawa mkubwa zaidi. Muuguzi alimwambia mtu kwamba nimekwenda kupimwa kwa ajili ya safari. Motari wa Nyangwe alisema nilikuwa tayari kufa siku ile, na watu wakamweleza kwamba ndivyo alivyo mtu ambaye moyo wake umeshahama duniani. Mtandio uliobanwa kwa pini uani, mama yangu aliusimulia kwa machozi: mwanangu anajifunza kujistiri kwa hija. Kila nilichokifanya kwa ajili ya mashine kiliingia upande wa Mungu, na hakuna hata kimoja kilichobaki nje.

Nilimwendea shehe wa msikiti wetu, nikamwambia wazi kwamba siendi Maka. Akainamisha kichwa. "Mungu akulipe kwa kuficha," akasema. Ijumaa iliyofuata, nikiwa upande wa wanawake, nilisikia mawaidha juu ya waja wanaotoa kwa mkono wa kuume na wa kushoto usijue. Wanawake walinigeukia wote. Nilitamani sakafu ipasuke.

Mtu ataniuliza: mbona hukuapa? Ungeapa kwa Mungu wangekuamini. Ni kweli. Lakini nilitaje jina la Mungu kwa ajili ya mashine ya kuchezea? Niliona aibu. Nikajiambia watachoka wenyewe.

Hawakuchoka, walianza kuja. Wenye desturi yetu wanajua: mtu akitoka kwenda hija, hujui kama atarudi, kwa hiyo watu humjia wakaombana msamaha, na humpa majina ya wagonjwa na wafu akayataje kule. Ua wangu ulijaa. Waliniita Mama Hadja kabla sijavuka hata daraja la mji. Alikuja mwanamke aliyenichukulia mteja, akaja aliyesema watoto wangu wana mapepo, akaja jirani yangu Mkatoliki, mkulima wa mihogo, na rozari mkononi.

"Mungu ni mumoja," akaniambia. "Unitajie mutoto wangu wa kiume, anakunywa pombe sana."

"Jirani, naenda Dubai kucheza."

"Basi ukimaliza kucheza, umutaje."

Kila mmoja alisema yale yale: unisamehe nilichokukosea, cha kujua na cha kutojua. Na jibu ni moja tu, hakuna lingine ambalo mtu amewahi kulisikia: nimekusamehe, nawe unisamehe. Mwanzoni nilijibu kwa kigugumizi. Baadaye likawa linatoka lenyewe kama kuitikia salamu, huku nikiwaza kama kiti cha mbele kinatisha kuliko cha nyuma.

Ndivyo nilivyokuwa siku wifi yangu alipoingia. Alikuja kutoka Wamaza kwa pikipiki, tope mpaka magotini. Ni mkubwa kwangu, ana mdomo mkali, na tangu msiba hatukuwa tumezungumza zaidi ya salamu za harusini. Nilishituka kumwona. Hakukubali kiti, aliketi kwenye mkeka mbele yangu.

"Wifi, unisamehe. Ile najua na ile sijui."

"Nimekusamehe, na wewe unisamehe," nikasema, upesi vile vile.

Nilidhani atainuka. Hakuinuka.

"Ile najua iko moja," akasema kwa sauti ya chini. "Acha nikuambie, juu ya vile unaenda kwa Mungu, sitaki uende nayo bila kujua. Kaka yangu alikuita."

Nilimsikia vizuri. Hata hivyo nilimwuliza amesema nini.

"Alikuita. Alinituma nitafute motari aje kukubeba. Sikutafuta mutu. Nikakudanganya. Sasa umenisamehe, Mungu akubariki."

Akanishika mkono, akauweka kwenye paji la uso wake, akainuka. Pikipiki ilikuwa inamngoja nje. Uso wake ulikuwa umefunguka kama mtu aliyetua mzigo wa kuni, na mzigo wenyewe akauacha pale kwenye mkeka wangu.

Sijui waliofuata walikuwa akina nani. Midomo yao ilicheza, wakanishika mikono, wakaondoka. Nilisikia mwanamke mmoja akimnong'oneza mwenzake: "Angalia, moyo yake imeshafika kule." Nilitaka kumrushia kikombe.

Aliniita. Nilikuwa nimejenga maisha yangu yote ya ujane juu ya jambo moja, kwamba hakuniita, na jambo hilo lilikuwa uongo. Nilikasirikia maiti miaka yote, maiti ambayo haikuwa na kosa. Na aliyefanya kosa nilishamsamehe! Kwa mdomo wangu, mbele ya watu, kabla ya kusikia ni lipi. Alinipa ukweli kwa ajili ya safari isiyokuwepo, nikampa msamaha ambao haukuwepo. Tungepeana makaratasi ya kufungia sabuni ingekuwa afadhali.

Nilijishauri kunyamaza. Niende Dubai, nirudi, waniite Hadja, wafurahi, nani ataumia? Lakini kila mgeni aliyeingia akaomba msamaha, lile neno nimekusamehe sikulisema, nikawa naitikia kwa kichwa tu. Nikaona kwamba sitaweza kupanda kiti chochote cha nchi yoyote nikiwa na jambo hili. Asubuhi moja nikamwambia mama kwamba naenda Wamaza.

"Peke yako tena?"

"Peke yangu tena."

Barabara ya huko naijua, ingawa sikuwa nimeipita tangu msiba. Mahali pa kushuka na kusukuma ni pengi kuliko mahali pa kupanda, na kwenye madaraja ya magogo motari hupita na pikipiki, abiria akafuata kwa miguu huku hatazami chini. Motari wangu aliniomba nikifika kule nimwombee injini mpya. Sikuwa na nguvu za kumkatalia, nikamwambia sawa.

Wifi yangu alikuwa uani, anageuza mpunga uliokuwa ukikauka juani. Aliponiona aliacha kila kitu akaja na mikono wazi.

"Karibu, Mama Hadja! Umekuja kuaga?"

"Wifi, siendi Maka."

Akatabasamu. "Ee, najua. Mutu wa kuenda hasemi."

Hapo ndipo nilipoapa. Niliapa kwa Mungu, kwa sauti, mkono juu, kwamba siendi Maka wala umra, wala sijawahi kukusudia. Tabasamu likamtoka kidogo kidogo. Mtu wa ukoo wetu anajua kwamba hilo halisemwi ovyo.

"Basi unaenda wapi?"

Nikafungua simu, nikaondoa sauti, nikampa. Alitazama wale watu wanaopinduka juu ya reli, midomo wazi. Alitazama mpaka mwisho.

"Hawa wanaazibiwa?"

"Wanacheza. Wametafuta wenyewe."

"Na wewe unaenda kufanya ile?"

"Ndiyo."

Alinirudishia simu kwa ncha za vidole. Nilidhani atacheka. Badala yake alijipiga tumbo kwa kiganja.

"Mimi nilitoa ile maneno ndani ya tumbo yangu," akasema. "Ilikuwa inaniua. Nikakupa juu unaenda kwa Mungu. Kumbe unaenda kwa mashini! Nirudishie maneno yangu."

"Haiwezekani."

"Nirudishie, nakuambia!"

"Maji ikishamwangika utaizoa namna gani? Na mimi nirudishie musamaha yangu. Nilikupa sijasikia kitu."

Tulitazamana, wajane wawili, maana yeye naye ni mjane, tumesimama juani juu ya mpunga wake, kila mmoja anadai kitu ambacho mwenzake hawezi kukitoa.

"Juu ya nini haukuniita?" nikamwuliza.

Aliketi kwenye kigoda. Sauti iliyotoka haikuwa ile ninayoijua.

"Ungekuja na pikipiki, ungemubeba kwenda Kasongo. Sema hapana."

Ningembeba siku ile ile.

"Mutu mugonjwa vile, kwa hii barabara. Angefia njiani. Na kama angefika, angezikwa kwenu. Mama yetu iko hapa, baba yetu iko hapa. Nilitaka alale na wao. Nikasema ngoja, akipata nguvu kidogo, nitatuma mutu. Hakupata."

Nilikuwa nimekuja tayari kwa uovu. Nilikuwa nimejipanga kwa wivu, kwa chuki, kwa lolote ambalo ningeweza kulitemea mate. Hili sikuwa nimelipangia kitu, na lilinishitua kuliko lile la kwanza.

"Alisema nini?" nikamwuliza. "Uniambie maneno yake mwenyewe. Usipunguze, usiongeze."

Aliinua macho akatazama barabara, si mimi.

"Alisema: 'Mutumie muke yangu mutu. Aje mbio. Na aje peke yake, asilete watu. Watu watanililia na mimi ningali muzima. Yeye halii ovyo. Nataka kumuangalia tu.'" Akaonyesha barabara kwa kidevu. "Halafu kila pikipiki ikipita hapa, anainua kichwa. Ananiuliza, amefika? Mimi namwambia, iko njiani. Mpaka mwisho nilikuwa namwambia iko njiani."

Nilijikuta nimekaa chini. Sikumbuki kukaa. Mpunga ulikuwa umenishika mikononi na kwenye mtandio, na wifi yangu alikuwa ameniinamia anauliza kama nataka maji. Nikasema ndiyo. Nilikunywa, nikatapakaza nusu yake kifuani. Miaka yote hiyo mimi nimekaa Kasongo nikijisemea kwamba mtu huyu hakunihitaji, na yeye alikufa akijua kwamba niko barabarani, kwamba nakaribia.

"Sasa nakuomba tena," wifi yangu akasema. "Si juu ya Maka. Hakuna Maka. Nakuomba mimi tu. Unisamehe."

Sikutaka kumdanganya mara ya pili.

"Sijui bado," nikamwambia. "Ikija, nitakuambia. Sitasema na mudomo tu."

Aliinamisha kichwa, akakubali. Alikusanya mpunga nilioutawanya, taratibu, kwa viganja. Kisha akauliza, bila kunitazama:

"Na kule kwa mashini, bado unaenda?"

"Naenda."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Nikainuka, nikajipangusa. Nikamwuliza kaburi liko wapi. Yeye naye akainuka upesi, akachukua kitenge kilichokuwa kwenye kamba akajitanda, akavaa malapa, tayari kunisindikiza kama inavyotakiwa.

"Hapana, wifi," nikamwambia. "Baki hapa. Nielekeze tu."

Alisimama na kitenge chake begani. Kisha akanyoosha mkono: nipite nyuma ya nyumba, nifuate njia ya migomba mpaka inapoishia, nitawaona wazazi wao wawili, na pembeni yao, upande wa barabara, yuko yeye. Nikamshukuru. Nikaondoka peke yangu, na nilipopita migomba ya kwanza nikaanza kukimbia.